Sahihi Yangu kwenye Karatasi ya Wafula

Vijana wangu wa maabara, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akasema, "Mzee Njuguna, sasa una muda, tuandikie." Saa ile ilisimama wiki ya pili, lakini muda kweli ninao. Kwa hiyo naandika.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kuketi kwenye kigoda kilekile. Nitawaeleza jinsi kazi ilivyokuwa miaka ya tisini, kisha nitawaeleza habari ya kipimo kimoja nilichokosea. Mmenisikia nikiwagombeza kuhusu kuandika saa kwenye fomu mpaka mkanipa jina nyuma ya mgongo wangu. Jina nalijua. Sababu ya ugomvi ule hamkuijua, nayo ni hii.

Kituo chetu cha afya kilikuwa mwendo mfupi kutoka Barabara ya Jogoo. Maabara ilikuwa chumba kimoja, ukubwa wa jiko la nyumba za mtaa ule, na dirisha moja lililotazama mashariki. Dirisha hilo lilikuwa muhimu kuliko mtu yeyote kituoni, maana hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, ukakigeuza mpaka kikadaka mwanga wa jua. Siku ya mawingu ya Julai tulisoma malaria kwa imani.

Aliyenipokea ni Mzee Mutiso, fundi wa maabara aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa hadubini. Alinipa fomu za wagonjwa nizisome tu.

"Hadubini utaiangalia baadaye," akaniambia. "Kwanza soma karatasi. Ni nani, ametoka wapi, kipimo kimetolewa saa ngapi. Ukishajua hayo ndiyo uanze kutumia macho."

Nilidhani ananinyanyasa kwa kuwa nimetoka chuoni. Koti langu jeupe lilikuwa jipya na mtaani walishaanza kuniita daktari. Baadaye niligundua kwamba pale kila mwenye koti jeupe aliitwa daktari. Muuza nyama wa jirani naye alikuwa nalo, lake likiwa na damu zaidi, na kwa hiyo aliheshimiwa kunishinda.

Alhamisi ilikuwa kliniki ya akina mama waliochelewa kupata watoto. Aliiendesha Sista Akinyi, muuguzi mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Walikuja kutoka Mbotela, Makongeni, Kaloleni, wengine kutoka Dandora kwa miguu. Kila mmoja alikuwa na faili. Faili nene ilimaanisha miaka mingi. Nilipima damu yao, nikapima mkojo wao, nikapima kila kilichoweza kuwekwa kwenye kioo cha hadubini, na mwezi uliofuata nikapima tena. Wanaume wao sikuwaona. Nilifanya kazi pale karibu mwaka mzima kabla sijapima shahawa ya mtu hata mmoja, na chuoni nilikuwa nimeufaulu mtihani huo vizuri sana.

"Njuguna," Sista Akinyi aliniambia siku moja akiweka faili tano mezani kwangu, "ng'ombe wawili wamefungwa jembe moja, jembe limekwama, na anayechapwa ni mmoja tu kila siku. Hiki ni kilimo gani?"

Akaanza kuandika barua. Ya kwanza aliiandika kiserikali: mume wa mgonjwa afike kituoni kupimwa. Mama mmoja aliipeleka nyumbani akarudi Alhamisi iliyofuata na jicho limevimba. Sista Akinyi alifunga mlango wa ofisi yake, na alipotoka alikuwa amelichana rundo lote la barua. Barua ya pili aliiandika kwa mkono, kwa jina la mtu: Bwana fulani, tunamtibu mkeo, na tumefika mahali ambapo bila wewe hatuwezi kuendelea. Tafadhali njoo utusaidie.

Wakaanza kuja. Mwanamume akiombwa msaada huja. Akishtakiwa hutafuta wakili, na wakili wa mtaani ni ngumi.

Walipoanza kuja tukagundua kwamba hatukuwa tumejiandaa. Kituo kilikuwa na choo kimoja cha wagonjwa, mlango wake haufungi, na nje daima kuna mama na mtoto anayelia. Huwezi kumwambia mwanamume mzima aende akatoe shahawa pale. Tukawaambia watoe nyumbani walete. Wengine walileta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi isiyosuuzwa. Mmoja alileta kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na sikuona chochote ila mafuta. Wengine walileta ndani ya kondomu, na ilibidi niwaeleze kwamba baadhi ya kondomu zina dawa inayoua mbegu. Mwishowe nilikwenda studio ya picha iliyokuwa jirani nikaomba vile vikopo vidogo vya plastiki vya kuwekea filamu. Nilivisuuza kwa maji moto, nikavikausha, nikampa kila mtu kimoja na maagizo matatu: usikutane na mkeo siku tatu au nne kabla, kibebe ndani ya shati karibu na mwili kisipate baridi, na kinifikie kabla ya saa moja kupita.

Wakati huo Mzee Mutiso alikuwa ameshastaafu na kwenda kwao Machakos. Nilikuwa peke yangu.

Wafula alikuja Jumamosi moja asubuhi akiwa ameshika barua ya Sista Akinyi, imekunjwa vizuri. Alikuwa mtu wa Bungoma, umri wa miaka thelathini na kitu, mpole, anafanya kazi kiwanda cha blanketi kule Industrial Area. Mkewe Nekesa nilimjua kwa faili. Walikuwa na miaka sita ya ndoa. Nekesa aliuza mboga karibu na lango la mtaa wa Mbotela, na vipimo vyake vyote vilikuwa vizuri, isipokuwa picha ya mirija ya uzazi iliyopigwa hospitali kubwa, ambayo haikuonyesha wazi kama mrija mmoja umeziba au la.

Wafula alitoa kikopo kutoka mfuko wa ndani wa koti.

"Umetoa saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa mbili na nusu, daktari. Nyumbani."

Ilikuwa saa tatu kasorobo. Nikaandika.

Mnajua, kwa sababu nimewachosha kwa kuwaambia, kwamba shahawa ikitoka huwa nzito na yenye kushikana, na inahitaji kama nusu saa kabla ya kulainika. Hii ilikuwa na robo saa tu, lakini nilipoinamisha kikopo ilitiririka kama maji. Tena kikopo kilikuwa cha baridi. Yote mawili niliyaona. Kwenye rejista niliandika neno "nyepesi" kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikatazama mlangoni nikaona foleni ya akina mama na watoto wenye homa, na kwenye trei kulikuwa na vioo kumi na viwili vya malaria vikinisubiri na jua linapanda. Nikaweka tone kwenye kioo.

Mbegu zilikuwa tele. Zilikuwa zimechoka kidogo, lakini zilikuwa nyingi na zenye umbo zuri. Nikahesabu, nikaandika, nikatia sahihi, nikapiga muhuri.

"Kwa hivyo mimi niko sawa?" Wafula akauliza.

"Uko sawa kabisa."

"Asante, daktari," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba basi lake limeondoka. Akaikunja karatasi mara nne akaondoka. Hilo nalo nililiona, nikafikiri labda ni haya tu.

Ilipita miezi minane. Alhamisi moja Nekesa aliingia kliniki akitembea polepole, mkono mmoja ameushika ubavuni. Hakuja kutibiwa. Alikuja kuomba faili yake.

"Unaipeleka wapi?" Sista Akinyi akamuuliza.

"Siipeleki popote, Sista. Nataka tu isibaki hapa. Mimi nimemaliza."

Sista Akinyi alimketisha akaniita. Nekesa alitusimulia akitazama sakafu. Kwa kuwa karatasi ya mumewe ilikuwa safi, hospitali kubwa ilisema shida lazima iko kwake, na kwa kuwa picha ya mirija haikuwa wazi, walimpasua tumbo waangalie kwa macho. Hawakuona kitu. Mirija ilikuwa mizima. Kidonda kilipata usaha akakaa wodini majuma matatu. Alipotoka alimkuta mama mkwe amewasili kutoka Bungoma. Mama alikuwa amepewa ile karatasi, hajui kusoma lakini muhuri anaujua, akaishika juu mbele ya majirani akasema serikali imeshaamua. Mwanawe ni mzima. Mwanamke huyu ni jiwe. Nekesa alikusanya nguo akaenda kwa dada yake Kariobangi.

"Na Wafula alisema nini?" nikauliza.

"Wafula?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Alitoka nje akaenda kuteka maji. Na mapipa yalikuwa yamejaa."

Nekesa alipokwenda chooni, Sista Akinyi alinigeukia.

"Njuguna, ile shahawa ulimwona akiitoa?"

"Sista, sijawahi kumwona mtu yeyote akitoa."

"Basi ulitia sahihi kitu gani?"

Nilirudi maabara nikafungua rejista ya mwaka uliopita. Nikaikuta Jumamosi ile. Imetolewa saa mbili na nusu. Imepokelewa saa tatu kasorobo. Nyepesi. Shahawa ya robo saa haiwi nyepesi; ile ilikuwa imetolewa mapema zaidi, na mbali. Baridi sikuiandika, lakini mkono wangu uliikumbuka. Nilikaa juu ya kigoda nikasoma ule mstari mmoja labda mara ishirini. Kila alichonifundisha Mzee Mutiso kilikuwa kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu, na sikukisoma. Mwanamke alikuwa amepasuliwa tumbo.

Nilifikiri kumwandikia Wafula barua ya ukali. Sista Akinyi alinikataza. "Ukimwambia ni mwongo atakuwa mwongo mpaka kufa," akasema. "Mtafutie mlango wa kutokea."

Siku ya pili nilivua koti jeupe nikaenda Industrial Area saa ya chakula cha mchana. Bawabu wa kiwanda aliniuliza mimi ni nani kwa Wafula. Nikasema ni mtu wa nyumbani.

"Wa Bungoma?" akasema. "Na hiyo lafudhi ya Kiambu?"

Nikasema nilihamia. Akacheka, akaniitia.

Wafula aliponiona alisimama kama mtu aliyeona askari. Tulikwenda kibanda cha chakula nje ya ukuta, akaagiza ugali na maharagwe ambayo hakuyala. Nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima.

"Bwana Wafula, nimekuja kukuomba radhi. Kile kipimo nilikifanya vibaya. Kulikuwa na watu wengi, sikuangalia saa sawasawa, na matokeo niliyokupa hayafai. Nataka urudi tukifanye upya. Kosa ni langu, na nitaliandika hivyo kwenye rejista."

Alikata tonge akaliweka tena kwenye sahani. Wenzake walipita wakimsalimia, "Niaje, Wafu!" naye akainua mkono bila kuwaangalia.

"Wewe hukukosea, daktari," akasema mwishowe.

"Nilikosea."

"Hukukosea. Haikuwa yangu." Akashusha sauti. "Ilikuwa ya Simiyu, ndugu yangu mdogo wa Dandora. Ana watoto wanne. Nilikwenda kwake alfajiri nikamlilia. Hakutaka. Nilimpigia magoti, mimi mkubwa wake."

Kisha yakatoka yote. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alipata matubwitubwi. Mashavu yalivimba, na baada ya wiki uvimbe ukashuka chini, korodani zikawa kama maembe, akalala kitandani siku kumi hawezi hata kufunika shuka. Mganga mmoja aliyepita alimwambia baba yake, kwa sauti ambayo kijana aliyelala aliisikia, kwamba huyu huenda asizae. Baba alikufa na maneno hayo. Wafula aliyabeba peke yake. Alioa akitumaini mganga alikosea, na kila mwezi uliopita bila habari alizidi kujua kwamba hakukosea.

"Nilifikiri karatasi ikiwa nzuri wataniacha," akasema. "Sikujua watampasua. Daktari, naapa kwa Mungu sikujua watampasua."

Akaanza kulia pale pale, mbele ya sahani, na mama wa kibanda akageuka akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Nilirudi kituoni nikamwambia Sista Akinyi nataka chumba. Hakukuwa na chumba. Kulikuwa na stoo ya mifagio na ndoo mwisho wa korido. Tulitoa ndoo, tukaacha mifagio kwa kukosa pa kuipeleka, tukaweka kiti, beseni, taulo, na fundi akapiga komeo kwa ndani. Komeo lile lilileta wanaume kuliko barua zote. Baada ya muda mtaani chumba kile walikiita "kwa mifagio". Ulimsikia mtu akimtania mwenzake, "Uko kwa mifagio Jumamosi?" na wote wawili wakacheka, na kucheka kulisaidia.

Wafula alikuwa wa kwanza kukitumia. Alinikabidhi kikopo mkononi kikiwa cha moto, na yaliyomo yalikuwa mazito kama inavyotakiwa. Nikasubiri nusu saa nzima bila kugusa kitu kingine. Nikaangalia. Nikatafuta kioo kizima, mstari kwa mstari, kama mtu anayepanda viazi. Nikatengeneza kioo cha pili na cha tatu. Nikaizungusha iliyobaki kwenye ile mashine yetu ya mkono, ya kushusha vitu vizito chini, mpaka bega likauma, nikaangalia mashapo. Hakukuwa na kitu. Majuma matatu baadaye tulirudia, na matokeo yakawa yale yale. Nikamwita ofisini kwa Sista Akinyi, nikafunga mlango, nikaketi kabla sijasema, maana habari mbaya ikisemwa kwa kusimama husikika kama hukumu.

"Sikuona mbegu, bwana Wafula. Mara zote mbili."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alitazama mikono yake. "Basi mimi si mwanamume."

"Nguvu zako zipo, na mkeo anazijua," Sista Akinyi akamwambia bila kuzunguka. "Ugonjwa uliua mahali mbegu zinapotengenezwa. Ungekuwa umekupofusha jicho, ungesema wewe si mtu?"

Tulimpeleka kwa daktari wa hospitali kubwa, naye akathibitisha. Siku zile hakukuwa na dawa wala mashine tuliyoweza kumwahidi, na hatukumwahidi. Alituuliza jambo moja tu: kama tungekaa naye akimwambia Nekesa.

Nekesa alikuja Alhamisi baada ya kliniki kufungwa. Wafula alimwambia yote, tangu matubwitubwi mpaka Dandora, bila kupunguza. Mwanamke alisikiliza mikono imefumbatwa mapajani. Alipomaliza, Nekesa aliweka kiganja juu ya tumbo lake, pale kidonda kilipokuwa.

"Na hiki?" akauliza. "Hiki ni cha nani?"

Wafula alifunika uso kwa mikono miwili.

"Miaka sita nimekunywa mizizi ya mama yako," Nekesa akasema. "Nimekunywa, nimetapika, nimekunywa tena. Na wewe unajua. Umelala kando yangu unajua."

"Niliogopa utaniacha."

"Ungeniuliza kama nitakuacha!" Hiyo ndiyo mara pekee aliyopaza sauti. Kisha akafuta uso kwa leso akasema kwa utulivu, "Sirudi kwako leo. Lakini Jumapili nitakuja Mbotela. Utamwambia mama kwa mdomo wako mwenyewe, mimi nimeketi pale. Sista aje." Akanigeukia. "Na wewe uliyetia sahihi, uje."

Jumapili tulikwenda. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mama yake Wafula alikuwa ameketi kitandani, mwanamke mdogo wa mwili, kitambaa cha kanisa kichwani. Alidhani tumekuja kuomba Nekesa apokewe. Wafula alisimama katikati ya chumba. Alianza kwa Kiswahili kwa ajili yetu, akaingia Kibukusu, akarudi Kiswahili. Nilipoona mama ananitazama, nikasema, "Mama, ile karatasi uliyonayo ni yangu, na si ya kweli. Nimekuja kuichukua."

Aliitoa chini ya godoro. Hakunipa. Aliishika tu.

"Yale matubwitubwi," akasema taratibu, "nilikukanda kwa majivu na maji moto. Baba yako alitaka twende hospitali ya misheni. Mimi nilisema mvua ni kubwa." Akarudia, "Mimi ndiye niliyesema mvua ni kubwa."

Nilitegemea ataangua kilio, lakini alikuwa mama wa wana wawili na akili yake ilishakwenda mbele kutafuta njia. Akamwambia Nekesa, kwa upole wa kweli, kwamba mambo kama haya hayakuanza leo, na kwamba Simiyu ni damu ile ile, na kwamba jambo likifanyika ndani ya nyumba halina aibu.

Nekesa alimwacha amalize, kwa heshima.

"Mama," akasema, "mimi si shamba la kukodishwa. Nikirudi hapa nitarudi kwa huyu, alivyo. Na nikikaa hapa, mizizi sinywi tena, na jina la jiwe silisikii tena. Kama hamwezi, semeni sasa nirudi Kariobangi."

Mama aliangalia ile karatasi, akaipasua vipande viwili, akavipanga, akavipasua tena. Kisha akasogea kitandani, akapiga godoro kando yake kwa kiganja.

"Mkamwana," akasema, "njoo uketi."

Nekesa hakuketi siku ile. Alisema amesikia, akaaga, akaondoka na Sista Akinyi. Alirudi Mbotela baada ya miezi miwili hivi, kwa wakati wake mwenyewe, na siku ya kurudi Wafula ndiye aliyebeba mizigo kutoka Kariobangi, pamoja na kapu la dada yake ambalo halikuwa lake na likarudishwa kesho yake.

Mtoto wa kuzaa hawakupata. Karibu na mwisho wa miaka ile walikwenda kwenye nyumba ya watoto wakaandikisha majina, wakapekuliwa maisha yao na maofisa kwa muda mrefu, wakapewa msichana. Hayo yalikuja baadaye. Mwaka ule wa kwanza kilichobadilika ni kiwandani. Wanaume walianza kuja Jumamosi wawili wawili, wananong'ona mlangoni, "Nimetumwa na Wafula." Sikujua aliwaambia nini. Nilipomuuliza alisema, "Nawaambia ukweli wangu, halafu wanafikiri wao wenyewe." Si wote waliokuwa na shida isiyotibika. Wengine walikuwa na maambukizi ya zinaa yaliyopona kwa dawa, wengine mishipa ya korodani iliyovimba ikafanyiwa upasuaji. Wengine walikuwa wazima kabisa na wakaanza kumsindikiza mke Alhamisi, wakakaa kwenye benchi la akina mama wamekunja magoti, wakaambiwa wasogee.

Mimi nilibaki na deni moja. Kwa Wafula nilikuwa nimeomba radhi kwa kosa ambalo kwa sehemu halikuwa langu. Kwa Nekesa, ambaye kosa langu lilimfikia mwilini, sikuwa nimesema neno. Nilipita mbele ya meza yake ya mboga asubuhi na jioni, nikamsalimia, akaitikia, nikaenda. Nilijipa sababu. Mara ana wateja, mara nimechelewa. Ikapita karibu mwaka.

Jioni moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha na wateja hawakuwepo. Nilisimama mbele ya meza na sababu zote zikaniishia.

"Mama," nikasema, "siku ile kikopo kilikuwa cha baridi. Niliona. Niliona haikuwa mbichi, nikaandika hivyo hivyo kwa kuwa nilikuwa na haraka. Ningeuliza swali moja tu, usingepasuliwa. Nimekuja kukuambia pole. Nimechelewa sana."

Alikuwa akikata sukuma wiki, na kisu hakikusimama mara moja. Kilikata majani machache zaidi, kisha kikatulia.

"Wafula aliniambia ulikwenda kiwandani ukasema ni wewe uliyekosea," akasema. "Nikamuuliza, mbona kwangu haji?"

"Niliogopa."

"Nyinyi wanaume," akasema, na akatikisa kichwa. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilitamani mteja atokee. "Pole nimeipokea, daktari. Kidonda kikipigwa na baridi bado kinauma, sitakudanganya. Lakini nimeipokea."

Sikujua niondoke au nibaki. Magari yalipita nyuma yangu yakirusha maji.

"Sasa umesimama hapo kunikingia wateja," akasema. "Unataka mboga ama hutaki?"

Nikasema nataka. Akanikatia fungu, akalifunga kwenye gazeti, akanipa. Nilipokuwa nageuka akaniita, "Ngoja." Akafungua gazeti, akachukua konzi nyingine ya sukuma kutoka kwenye lundo, akaniongezea, akafunga tena.